Hosi ya Turbo Ikipasuka Kwenye Gari la Dizeli: Kando ya Barabara ya Lamu Hadi Gereji ya Malindi

Unapita lori la chumvi pale Gongoni, mguu umekanyaga mafuta, mara unasikia "pwaa!" chini ya boneti. Gari linalegea kana kwamba limeongezewa tani ya mzigo, na kwenye kioo cha nyuma huoni ila moshi mweusi. Usiseme injini imekufa. Mara nyingi ni hosi ya turbo, ile paipu ya mpira inayobeba hewa kutoka kwenye turbo, pampu inayokandamiza hewa, hadi kwenye injini: ama imechomoka, ama imepasuka. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na turbo yenyewe. Lakini dereva anayeendelea kulilazimisha gari na hosi ikiwa wazi huishia kununua vyote viwili.

Moshi ule mweusi una sababu. Kwenye gari nyingi za kisasa kuna sensa karibu na filta ya hewa, kazi yake kupima hewa inayoingia, na kompyuta hupima mafuta kwa kufuata hesabu hiyo. Hosi ikipasuka baada ya sensa, hewa imeshahesabiwa lakini inamwagikia nje. Mafuta yanafika, hewa haifiki, na yale yasiyoungua yanatoka kama masizi. Pamoja na moshi utaona taa ya injini imewaka, na kompyuta inaweza kuibana injini isivuke nguvu fulani ili ijilinde. Mashine ya kusoma makosa kwa kawaida hutoa namba P0299, maana yake presha ya turbo iko chini ya inayotakiwa. Namba hiyo haisemi turbo imekufa, ingawa wapo mafundi wanaoisoma hivyo.

Tundu likiwa dogo hakuna mlipuko. Utasikia tu mfoko au filimbi unapopanda mlima au ukiwa na mzigo, na gari linakuwa zito kuliko jana.

Kabla ya yote, tofautisha moshi. Mweusi ni mafuta bila hewa. Wa bluu, au mweupe mzito wenye harufu ya oili, ni oili inayoungua, na hapo shaka inaiangukia turbo yenyewe. Ikiwa injini inapandisha mizunguko peke yake ingawa mguu umeutoa, na ufunguo ukizimwa haizimiki, injini inakunywa oili yake kupitia turbo. Kwa gari la gia za mkono, shikilia breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya nne au ya tano, kisha achia klachi ili izimike kwa kulemewa. Kwa gari la otomatiki njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa kuvutia hewa kwa kitu bapa kigumu kama ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Ukiona huwezi kuufikia mdomo huo kwa usalama, shusha watu wote na kaeni mbali.

Hosi zenyewe ni tatu, na kila moja ina tabia yake

Fuata njia ya hewa kwa kidole. Ya kwanza inatoka kwenye boksi la filta hadi kwenye mdomo wa turbo. Hii hainyweshwi presha, inavutwa, ndiyo maana nyingi zina waya au mikunjo ya kuzuia zisibonyee. Ikipasuka haitoi kelele ya kutisha wala moshi mwingi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: turbo inavuta vumbi moja kwa moja bila filta. Kwa gari linalozunguka njia za ndani za Magarini au Langobaya, vumbi lile jekundu linazila pezi za turbo kimyakimya.

Ya pili inatoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula, kile kipozahewa chenye sura ya rejeta ndogo. Huu ni upande wa moto. Hewa ikikandamizwa hupata joto, na injini ikifanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi 150 za Selsiasi.

Ya tatu inatoka intakula kwenda kwenye injini. Huu ni upande wa baridi. Presha ni karibu ile ile lakini joto limeshuka sana. Tofauti ya pande hizi mbili ndiyo inayoamua unachoweza kubandika njiani na unachotakiwa kununua dukani, kwa hiyo ijue ya gari lako kabla ya siku ya shida. Kwenye Hilux na Prado za injini ya 1KD, intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na hosi ni fupi, zinafikika kwa mkono. Kwenye Ranger na pikapu nyingi za sasa iko mbele, karibu na rejeta, na hosi zinashuka hadi nyuma ya bampa. Na kama gari lako ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ kama ilivyotoka kiwandani, achana na makala haya, haina turbo.

Umesimama kando ya barabara

Toa gari kwenye lami, weka handibreki, kinga tairi kwa jiwe, panga pembetatu za onyo. Ikiwa ni kati ya Minjila na Mokowe, kipande kile cha barabara ya Lamu kiusalama si cha kukaa ukifungua spana jua linapozama. Gari likiweza kutambaa, lifikishe kwenye kizuizi cha polisi au mjini Witu kwanza.

Zima injini na usubiri nusu saa. Turbo na bomba la moshi vinaunguza, na feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata ufunguo ukiwa umetolewa.

Kisha tafuta oili. Ndani ya hosi za turbo huwa kuna ukungu wa oili kidogo unaotoka kwenye pumzi ya injini, ile paipu inayotoa mvuke wa ndani ya injini, na popote hewa inapotorokea, oili hutorokea pia na kushika vumbi. Doa jeusi lenye unyevu chini ya kiungo ni kama alama ya nyayo. Papasa hosi nzima, hasa tumbo lake la chini ambalo macho hayafiki, na uikunje kwa vidole: mpasuko mwingi hujifunga hosi ikiwa imepumzika, unafunguka ikivimba. Jaribu kuzungusha kila kiungo kwa mkono. Kisichotakiwa kuzunguka kikizunguka, umekipata.

Kumwambia mwenzako akanyage mafuta gari likiwa limesimama kunasaidia kidogo tu. Bila mzigo turbo ya dizeli hutoa presha ndogo mno, na mpasuko wa sentimita moja unaweza usionekane kabisa.

Ikiwa hosi imechomoka tu, umepata afueni. Legeza klipu. Nyingi hutaka bisibisi bapa au soketi ya milimita 7 au 8. Toa hosi, futa oili ndani ya mpira na juu ya bomba hadi vikauke kabisa, kwa kitambaa safi na dawa ya kusafishia breki, spiriti, au hata sabuni na maji mradi vikaushwe. Oili iliyobaki pale ni utelezi, na hosi itachomoka tena kabla hujafika Mambrui. Rudisha hosi hadi ivuke lile tuta lililo mwisho wa bomba, kaza klipu nyuma ya tuta, si juu yake. Hakikisha hakuna kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba. Kikivutwa kitaishia kwenye injini.

Gari kadhaa za Ulaya hazina klipu ya kukaza bali kiungo cha plastiki chenye pini ya waya na oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, ndani. Hapo chomoa pini, angalia oringi kama imekatika au imekauka, sukuma kiungo hadi usikie "tik", rudisha pini, kisha kivute kwa nguvu kuthibitisha. Pini iliyokaa nusu inashika injini ikinguruma taratibu na kuachia ukikanyaga.

Kubandika kwa muda

Mpasuko kwenye upande wa baridi unabandikika. Kilicho bora ni tepu ya silikoni inayojishika yenyewe, ile isiyo na gundi. Rola moja kwenye boksi la spana inatosha. Safisha oili, anza sentimita 5 kabla ya mpasuko, vuta tepu hadi iwe ndefu mara mbili au tatu ya urefu wake, na kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Pitisha tabaka 3 au 4, umalize sentimita 5 baada ya mpasuko. Ukiwa na klipu mbili za ziada, zifunge juu ya tepu kila upande wa jeraha.

Huna tepu? Mpira wa tyubu, ule ule wa kufungia mitungi kwenye bodaboda. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, uvute hadi ukaze, uzungushe namna hiyo hiyo, ufunge kwa waya. Unashika vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila oili na joto vinaulainisha, kwa hiyo ni wa kukufikisha tu.

Upande wa moto ni habari nyingine. Tepu ya fundi umeme inayeyuka ndani ya dakika chache, tyubu inaanza kunuka, na hata silikoni hushika kwa wasiwasi ikiwa mpasuko ni mrefu. Kama ufa uko karibu na ncha na hosi ina urefu wa kuchezea, kata kipande kilichoharibika kwa kisu kikali, kata iliyonyooka, uirudishe ikiwa fupi zaidi. Hiyo ni dawa ya kweli kuliko tepu, mradi hosi isibaki imevutika.

Kuna wanaopachika kipande cha bomba la chuma ndani ya hosi kwenye sehemu iliyonyooka na kukaza klipu pande zote mbili. Inafanya kazi ikiwa bomba linabana sawasawa na lina tuta kila mwisho. Bomba la kubahatisha, lililokatwa kwa msumeno na kuachwa na machicha ya chuma, ni hatari: machicha yale yanaenda kwenye injini.

Kutambaa hadi nyumbani

Baada ya kubandika, endesha kama hakuna turbo. Sindano ya mizunguko isipite 2,000, mguu mwepesi, kilomita 50 hadi 60 kwa saa, gia ya juu bila kuilazimisha kwenye mlima. Shusha mzigo unaoshushika. Tazama geji ya joto. Lengo si kuhurumia bandiko peke yake: turbo inayomwaga hewa nje haipati ukinzani, inazunguka kasi kuliko ilivyoundwa, na kompyuta inazidi kuisukuma ikitafuta presha isiyopatikana. Beringi za turbo hufia hapo.

Hosi isiyofungika kabisa baada ya turbo ni tatizo la vumbi pia. Injini ikinguruma taratibu inavuta hewa kupitia mdomo ule ulio wazi, na hakuna filta hapo. Kilomita chache za lami kavu zinaweza kuvumilika. Kwenye njia ya vumbi, ita gari la kuvuta. Kufunika mdomo kwa soksi au kitambaa cha wavu ni ushauri wa kijiweni. Kikinyonywa, utafungua manifoldi, ile mirija inayogawa hewa kwa silinda, kukitafuta.

Gari lenye filta ya masizi kwenye bomba la moshi, kama Mazda CX-5 za dizeli, lihurumie zaidi. Moshi mweusi wa nusu saa unaijaza filta ile, na majaribio yake ya kujichoma yanaweza kupeleka dizeli kwenye oili. Ukifika, chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa juu ya alama na kinanuka dizeli, badilisha oili.

Kupima gerejini

Usikubali kubadilishiwa hosi kwa kukisia. Kipimo cha presha kinatengenezwa kwa vifaa vya duka la hadiwea na fundi wa pancha. Nunua kofia ya paipu ya PVC inayokaribiana na mdomo wa turbo. Ya milimita 63 inafaa kwa nyingi. Toboa tundu la milimita 11.5 katikati, vuta vali ya tairi ya tubulesi ipite. Unganisha kofia na mdomo wa turbo kwa kipande cha hosi na klipu mbili. Iweke kwenye mdomo wa turbo wenyewe, si kule kwenye boksi la filta. Kati ya filta na turbo ndiko paipu ya pumzi ya injini inakoingilia, na ukiiacha ndani ya kipimo utajaza presha kwenye sehemu ya oili na kusukuma sili zake nje.

Injini ikiwa imezimwa, ingiza upepo polepole. Anza na psi 5, sikiliza, panda hadi 15, ambayo ni kama ba 1. Usipite hapo. Kompresa ya pancha inabeba zaidi ya psi 100, kwa hiyo shika rigyuleta au achia upepo kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye geji. Usikae mbele ya kofia. Ikiruka inavunja pua. Puliza maji ya sabuni kwenye hosi zote, viungo, ncha za plastiki za intakula na gasketi ya manifoldi. Povu litakuonyesha.

Upepo kidogo kusikika kwenye kifuniko cha oili ni kawaida, kwani unapita kwenye ringi za pistoni. Ukitoka kwa wingi kwenye bomba la moshi, huenda silinda moja imesimama vali zake zikiwa wazi pamoja. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye boliti ya kranki, pima tena. Ukiendelea vile vile, itazame vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Ukimaliza, achia upepo kupitia vali kwanza ndipo ulegeze klipu.

Ikiwa mfumo mzima unashika upepo na gari bado halina nguvu, angalia vipaipu vyembamba vya mpira vya milimita 3 au 4 vinavyoenda kwenye kile kisahani kinachoiamrisha turbo. Kimoja kikikatika ncha, dalili ni karibu zile zile, isipokuwa moshi huwa mdogo. Ni vya kuangalia mapema, kwa sababu dawa yake huwa ni kukata ncha iliyochoka na kukirudisha.

Kununua iliyo sawa

Hosi ya asili iliyokunjwa kiwandani kulingana na gari lako ndiyo rahisi kufunga. Chukua namba ya chesisi na ya zamani yenyewe. Nyingi zina namba imegandamizwa juu yake. Kama Malindi haipo, spea za Mombasa hufika kwa matatu siku hiyo hiyo, ni kilomita 120 tu. Ya mtumba ikubali ikiwa tu ukiikunja haionyeshi nyufa na ukiibonyeza si laini kama ndizi mbivu.

Ya silikoni inafaa, lakini uliza kilicho ndani. Silikoni tupu hunyonya oili, inatoa jasho nje na kulainika. Kwa gari la dizeli, omba yenye bitana ya ndani inayostahimili oili, ya florosilikoni, yenye tabaka 4 za kitambaa na unene wa milimita 4 hadi 5. Vipimo vya kawaida vya kipenyo cha ndani ni milimita 51, 57, 63, 70 na 76. Huna kipimio? Zungusha uzi kwenye bomba, pima uzi, gawa kwa 3.14. Uzi wa milimita 179 ni bomba la 57. Hosi iwe sawa na bomba au milimita moja pungufu. Kubwa kuliko bomba, ukiikaza hujikunja na kuacha mfereji wa kuvujia.

Hosi ya rejeta si mbadala, hata ikiwa na umbo lile lile. Mpira wake umetengenezwa kwa maji, ukikutana na oili unavimba na kuoza. Utauona umefungwa kwenye gari nyingi mjini, na utaziona gari hizo zikirudi gerejini.

Klipu hapa pwani ni jambo la kulifikiria. Upepo wa kusi unakuja na unyevu wa chumvi, na klipu ya kawaida ya bati lililopakwa zinki inakula kutu kwenye parafujo kabla ya ukanda kuonyesha chochote. Siku moja parafujo inakatika, hosi inaruka, na lawama inaiendea hosi. Soma alama kwenye ukanda: W1 ni bati la zinki, W2 ukanda ni chuma kisichoshika kutu lakini parafujo ni ya kawaida, W4 yote ni chuma kisichoshika kutu. Nunua W4. Pasipo alama, nenda na sumaku: W4 haivutwi, au inavutwa kwa mbali sana. Maduka ya vifaa vya boti yanazo hata pale ambapo maduka ya spea hayana, kwa sababu baharini hakuna anayezijaribu W1 mara mbili. Kwa gari lenye presha kubwa, klipu pana yenye boliti inashika vizuri zaidi kuliko ya parafujo, ila haitaki hosi nyembamba.

Kufunga

Safisha bomba hadi chuma kikauke, ondoa kutu kwa msasa laini, futa. Usipake grisi wala oili ili hosi iteleze. Italipa kwa kuteleza kutoka. Silikoni ikigoma, ipashe kwa maji ya moto. Pachika klipu kwenye hosi kwanza. Hosi ilalie bomba milimita 25 hadi 35, klipu ikae milimita 3 hadi 5 kutoka ncha ya mpira, nyuma ya tuta. Kaza klipu ya parafujo hadi kama nyutonimita 4 au 5, yaani nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Mpira ukianza kufura kupitia matundu ya ukanda umepita kipimo, na klipu sasa inakata hosi mpya.

Kabla ya kukaza mwisho, tazama hosi inapita wapi. Ikigusana na breketi, bomba la moshi au mkanda wa feni, igeuze. Iache angalau upana wa kidole kati yake na kitu chochote kinachotikisika.

Oili ikiwa nyingi, toa intakula na uisimamishe wima usiku kucha idondoke. Usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa kisha ukairudisha ikiwa na unyevu. Injini itayanywa mafuta yale na kupaa mizunguko. Ifunge ikiwa kavu kabisa.

Kwa nini ilipasuka

Hosi iliyokaa miaka 10 chini ya boneti kwenye joto la Malindi ina haki yake ya kuchoka. Iliyopasuka baada ya mwaka mmoja ina mwuaji.

Ikiwa imelainika na kuvimba, ni oili. Ukungu ndani ya hosi ni kawaida, vijiko vichache chini ya intakula pia. Oili inayomiminika kiasi cha kikombe cha chai si kawaida: ama pumzi ya injini imeziba, ama sili za turbo zimechoka. Injini ikiwa imepoa, toa hosi ya kwanza, shika nati ya shafti ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni kunakubalika mradi pezi zisiguse ukuta. Kwenda mbele na nyuma kunakohisika kwa mkono hakukubaliki.

Ikiwa imechanika kwenye mkunjo au karibu na klipu, tazama mauntini za injini, ile mipira inayoishikilia. Intakula iliyofungwa kwenye bodi haisogei. Injini inayoruka kwenye mauntini iliyokufa inaivuta hosi kila unapobadilisha gia. Fungua boneti, simama pembeni, dereva ashike breki kwa nguvu na aipe gari mzigo kidogo mbele na nyuma. Injini ikiinuka zaidi ya vidole viwili, hosi mpya haitadumu.

Ikiwa ina mikwaruzo ya meno, ni panya. Gari linaloachwa Mokowe wiki mbili, mwenyewe akiwa kisiwani Amu, ni nyumba tulivu na yenye kivuli. Papasa hosi kabla ya kuwasha.

Kuthibitisha

Futa namba ya kosa, kisha uendeshe na kisomaji kidogo cha Bluetooth. Tazama presha ya manifoldi. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, Malindi itasoma karibu kilopaskali 101, kwa kuwa mji uko usawa wa bahari. Gari lile lile likiwa Nairobi litasoma karibu 83 na hakuna kilichoharibika. Kwenye barabara iliyonyooka baada ya Mambrui, kanyaga mafuta hadi chini ukiwa gia ya tatu kutoka mizunguko 1,500. Dizeli nyingi za kisasa zinatakiwa kufika 200 au zaidi. Ikikwama kwenye 120 au 140, bado kuna tundu; rudi kwenye maji ya sabuni.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 mpira huwa umejikalia kwa joto, na klipu iliyokuwa imara imelegea robo mzunguko. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, kaza tena, na upitishe kidole chini ya kila kiungo. Kidole kikitoka kikavu, funga boneti.